Mteja wa Kiti Kitupu

Mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Lilikuwa jambo dogo, na Tabasamu alilitazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera, akasonya, akaendelea na kazi. Alikuwa anapima taa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya studio anajua: kabla mteja hajaingia unakipiga kiti kitupu picha mbili tatu, unaona mwanga unaangukia wapi, unasogeza taa, unapiga tena. Mto ule mwekundu mama yake alikuwa ameujaza pamba mpya juzi tu, na kwenye picha ya kwanza ulikuwa umefura vizuri. Kwenye ya pili ulikuwa umeshuka katikati, vile unavyoshuka mtu mzima akiukalia. Akaenda akaupigapiga mpaka ukafura tena, akailaumu pamba.

Angeulaumu mdomo wake, maana mdomo ndio uliofanya kosa.

Kijana huyu mtaa mzima ulimwita Tabasamu kwa sababu ya neno alilowaambia wateja kutwa kucha, wala si kwa sababu aliwahi kuonekana akitabasamu. Mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa arudi kesho. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake: pazia zito jeusi dirishani, kitambaa cha kijivu ukutani, taa mbili za kusimama, kiti kimoja. Picha za vitambulisho na pasi za kusafiria ndizo zilizowalisha, yeye na mama na dada yake mkubwa, ambaye alichapisha na kukata picha kwenye meza ya ukumbini na kuwajibu wateja wakorofi kwa ukorofi uleule waliokuja nao.

Lakini alichokitaka kilikuwa kingine. Kila mwaka wataalamu wa picha walikutana kwenye ukumbi mkubwa wa mjini kupitia kazi za vijana, na mwisho wake kijana mmoja alipewa nafasi: mwaka mzima wa kufundishwa, vifaa vya maana, na maonyesho yenye jina lake mlangoni. Mara mbili Tabasamu alikwenda, na mara mbili alirudi na boksi lake kwapani. Nafasi hiyo haikutolewa kwa aliyevuka miaka thelathini, na yeye thelathini ilikuwa inamgongea mlango. Ikimpita safari hii, ndiyo imempita moja kwa moja.

Mwaka uliotangulia mtaalamu mmoja alimwambia kwamba watu wa kwenye picha zake wanaonekana kama wanasubiri kudungwa sindano. Kauli ile ilimkera mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Basi akaanza kufanya mazoezi ya kulegeza watu, na kwa kuwa aliona aibu kuwafanyia watu mazoezi hayo, akawa anakifanyia kiti. Mchana ule, pazia limeshushwa na mlango umefungwa, alikiambia kiti kwa sauti ya upole ambayo dada yake hakuwahi kuisikia: "Karibu. Karibu sana, kaa. Jisikie uko kwako kabisa. Usiwe na haraka, mimi niko hapa kwa ajili yako."

Maneno hayo husemwa katika kila studio duniani, lakini husemwa kwa mtu. Yeye aliyasema kwa chumba kitupu chenye giza, akayarudia mara kadhaa ili ayazoee, halafu akapiga picha. Ndipo mto ukabonyea.

Siku ya kupitia kazi alichagua picha zake nzuri kuliko zote, akazipanga kwenye boksi kwa mikono iliyonawishwa. Na kama ilivyo desturi ya watu wa kazi hii, alichukua karatasi mbili za majaribio zilizoharibika, akailaza moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, ili zile nzuri zisikwaruzwe. Ya chini ilikuwa ile ya mto uliobonyea. Aliishika ile iliyokuwa karibu na mkono, hakufikiri zaidi ya hapo.

Ukumbini kulikuwa na meza zimepangwa kwa safu, kila meza na mtaalamu wake. Wa kwanza, mzee wa ndevu za mvi, alimwambia, "Umewasogelea mno hawa watu. Waache wapumue." Wa pili, meza ya jirani, picha zilezile, akasema, "Mbona umesimama mbali hivi? Unawaogopa?" Tabasamu aliwaitikia wote wawili, "Ndiyo, mwalimu," huku akitamani awabebe na viti vyao awaweke meza moja wamalizane wenyewe.

Wa tatu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye wote walimwita Mhakiki Mkuu. Alizipitia picha upesi upesi, kama mtu anayepekua nguo dukani bila nia ya kununua.

"Safi," akasema. "Safi. Hii nayo safi."

"Nashukuru, mama."

"Sijakusifu. Sahani iliyooshwa nayo ni safi." Akaendelea kupekua. "Una mkono mzuri, kijana, lakini una hofu. Nyumba umejenga, watu hawajahamia."

Tabasamu alihisi masikio yakimwaka moto. Watu wote wale aliowafuata barabarani na kuwabembeleza, jua lote lile kichwani, halafu wanageuzwa kwa kidole kimoja! Mhakiki akafika mwisho. Akainua picha ya mwisho, chini yake akaikuta ile karatasi ya kukingia, na mkono wake ukasimama.

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Samahani, mama, hiyo siyo kazi. Hiyo ni ya kukingia boksi tu."

"Unamtumia mama wa watu kukingia boksi?"

Tabasamu akainama kutazama. Aliona kiti, kitambaa cha kijivu, na mto mwekundu uliobonyea. "Mama yupi?" akauliza.

Mhakiki akacheka akidhani anataniwa. "Itazame hiyo mikono alivyoilaza magotini. Na hizo nywele mbichi! Hakuna mtu anayemleta mteja na nywele zinachuruzika maji, wazo hilo ni lako au ni lake? Huyu hakukaa kwa ajili ya kamera. Huyu anakutazama wewe." Akamwita yule mzee wa ndevu. Watu wazima wawili wakainamia picha ya kiti kitupu, na mzee akajisugua mkono. "Nywele zimenisimama," akasema hatimaye.

"Niletee mfululizo," Mhakiki akamwambia Tabasamu. "Picha kama kumi za huyuhuyu, kwenye kiti hichohicho. Mwezi ujao ndiyo fainali. Ukizileta, sioni wa kukunyang'anya nafasi."

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Kazi ya miaka yote imepitwa, kilichopendwa ni kiti! Ama wale watu walikuwa wamechoka, ama walikuwa wanamchezea akili. Alimfuata dada yake mezani, akamtupia ile picha mbele ya kikatio.

"Unaona nini hapo?"

"Naona mwanamke," dada akasema bila kuinua kichwa. Halafu akainua. "Nani huyu? Kaja lini? Mbona hajapitia kwangu?"

"Dada, acha utani. Leo sina roho ya utani."

"Utani gani? Mwanamke huyu hapa, mtu mzima, nywele mbichi kazifunga juu. Gauni la mikono mirefu. Wewe humwoni?"

Mama akaja kutoka jikoni akijifuta mikono, akachungulia juu ya bega la binti yake. Hakuuliza swali hata moja. Aliifunika ile picha kifudifudi mezani, akaibana kwa kiganja kama kifuniko cha sufuria kinachotaka kuruka. "Mtoe," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimtoe nani, mama?"

"Huyo. Mtoe nyumbani kwangu, mwanangu. Nakusihi."

"Hakuna mtu!" Tabasamu akafoka. Ndivyo alivyofoka, na aliamini anachosema, maana macho yake ndiyo yaliyokuwa riziki yake, na macho hayo yalimwambia kiti ni kitupu.

Hata hivyo nafasi ni nafasi. Kama kiti kitupu ndicho kitakachompatia, atakipiga mpaka kizeeke. Keshoye baada ya wateja kwisha alishusha pazia, akawasha taa, akasimama nyuma ya kamera akijiona mjinga. "Karibu tena," akasema. Kiti kikatoa mlio, ule mlio wa mbao kinaoutoa mtu akikikalia. Ikaja harufu. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa ya nywele zilizofungwa kabla hazijakauka, harufu ya uvundo mtamu kidogo inayokaa kwenye foronya. Tabasamu alipiga picha haraka haraka, akazima taa, akatoka bila kukipa kiti mgongo.

Sasa balaa la kazi yenyewe. Hakuweza kuchagua picha za mfululizo. Mpiga picha gani huyo asiyeona alichokipiga? Alimwekea dada yake picha mezani na kumhoji kama kipofu anayenunua nguo.

"Uso uko kwenye mwanga?"

"Uko."

"Nusu au wote?"

"Nusu."

"Kivuli cha pua kinafika mdomoni?"

"Mdogo wangu, mimi najua kukata picha za vitambulisho. Mambo ya vivuli vya pua usiniulize."

"Nijibu tu! Macho yako wapi?"

Dada akaigeuza picha kifudifudi. "Yako kwako," akanong'ona. "Kwenye zote yako kwako. Na hii ya leo ameegemea mbele, jana hakuwa ameegemea. Tuache, nakuomba."

Hakuacha. Kila alasiri alipiga, na kila alasiri dada, huku akiapa kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho, alimsimulia. Hapa ameshika mikono ya kiti. Hapa amenyanyuka nusu. Hapa amesimama, maji yanamchuruzika mpaka kiunoni. Tabasamu alizishika zilezile picha mkononi, akazigeuza kwenye mwanga, akazisogeza puani, na asione kitu ila kiti na mto na kitambaa cha kijivu. Wivu ukamwingia, wivu wa ajabu kabisa, kwa dada yake mwenyewe na kwa kila mwenye macho.

Wateja nao wakaanza kurudi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja na picha zake za pasi mkononi. "Ofisini wamezikataa," akasema. "Wanasema nyuma yangu kuna bega la mtu."

"Bega liko wapi?" Tabasamu akauliza.

"Hili hapa! Limelowa!"

"Sioni bega, mwalimu."

"Basi wewe ndiye ukapimwe macho kabla hujapiga watu picha." Akaondoka akibamiza mlango. Mwanamke mwingine alimketisha mwanawe kitini, na mtoto, aliyekuwa akicheka tangu mlangoni, akakakamaa, akakinyooshea kidole kitambaa cha nyuma, akalia mpaka akakosa pumzi. Tangu hapo watu walikwenda studio ya ng'ambo ya soko, na dada akakaa mezani na kikatio chake bila kazi, akimtazama mdogo wake kwa macho makali.

Kisha ikaja alasiri ambayo umeme ulikatika. Tabasamu alikuwa peke yake studioni, pazia limeshushwa, na taa zilipozimika giza lilikuwa zito hata asiione mikono yake juu ya kamera, akajiambia asubiri tu, umeme hukatika na kurudi, hakuna jipya, na alipokuwa akijiambia hivyo akasikia mto ukipanda, ule mhemo mdogo wa pamba inayopata nafuu mtu akinyanyuka, halafu tone la maji sakafuni, halafu tone jingine karibu zaidi, halafu jingine, na harufu ya nywele mbichi ikamjia usoni mpaka akahisi ulimi wake umeionja, akataka kurudi nyuma na mgongo ukagonga ukuta, akataka kumwita dada na sauti isitoke, na juu ya mkono wake ulioshika lenzi zikadondoka pumzi baridi, moja, nyingine, taratibu, kama za mtu anayechungulia kwa ndani aone huko kuna nini, na hapo kamera ikapiga picha yenyewe.

Alitoka akiwa amelowa jasho. Picha iliyochapishwa umeme uliporudi, kwa macho yake, ilikuwa giza na kiti kwa mbali. Alimpelekea dada yake. Dada aliitupia jicho mara moja, akasukuma kiti chake nyuma.

"Kiti hakipo," akasema. "Kuna jicho tu. Limejaa karatasi nzima."

Tabasamu angeogopa wakati ule angeokoka. Lakini kilichomjia kwanza kichwani, ole wake, ni kwamba hiyo ndiyo picha ya kumalizia mfululizo. Akazipanga zote kumi kwenye boksi, akalisukuma chini ya kitanda chake.

Kilichomtia hofu ya kweli kilikuwa kwenye ukuta wa ukumbini, palepale nyumbani. Palikuwa na picha ya familia aliyoipiga mwenyewe, mama na dada bega kwa bega, wameshikamana kiasi kwamba kitambaa cha nyuma hakionekani katikati yao. Aliijua picha ile kuliko kiganja chake. Asubuhi moja alisimama mbele yake na kikombe mkononi, akaona kitambaa cha nyuma. Kati ya mama na dada pamekuwa na nafasi. Mama amesogea mpaka ukingoni mwa fremu, bega lake moja limekatwa. Nafasi ile ilikuwa tupu, na sasa alishajua utupu maana yake nini.

Alikwenda chumbani kwa mama, akamkuta amelala pembezoni kabisa mwa kitanda kikubwa, mguu mmoja chini.

"Mama, mbona umelala hivyo? Utaanguka."

"Sema polepole," mama akanong'ona. "Amelala upande wa ukutani. Nimempisha."

Tabasamu akatazama upande wa ukutani. Shuka lilikuwa limelowa, na kwenye foronya kulikuwa na umbo la kichwa.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kwanza alikuwa anataka nafasi kidogo. Sasa kila usiku anasogea." Macho ya mama yalijaa machozi. "Mwanangu, mimi sina pengine pa kwenda. Hii ndiyo nyumba yangu."

Siku hiyohiyo dada alimleta mganga. Alikuwa bwana mnene mwenye magoti mabovu, aliyepanda vizingiti vya nyumba ile akiguna na kulalamikia ujenzi wa siku hizi. Alipofika studioni aliomba kiti. Akaonyeshwa kile. Akakitazama, akasema ghafla magoti yamepata nafuu, atasimama.

"Nani alimkaribisha?" akauliza.

Dada akamtazama mdogo wake.

"Sikumkaribisha mtu," Tabasamu akasema. "Nilikuwa nafanya mazoezi." Akaeleza, kwa aibu, maneno aliyokiambia kiti.

Mganga akatikisa kichwa. "Ukamwambia ajisikie yuko kwake. Basi si amefanya hivyo? Wa kulaumiwa si yeye. Na humwoni kwa kuwa wewe ndiye mwenyeji wake. Hao hujificha machoni pa wenyeji wao, wenyeji wasije wakabadili nia. Sasa niambie, mteja akimaliza kupigwa picha huwa unamwambiaje?"

"Namwambia asante, tumemaliza, karibu siku nyingine."

"Huyu ulimwambia?"

Tabasamu akainamisha kichwa.

"Utamwambia leo. Na hilo la karibu siku nyingine ulimeze." Mganga akawasha ubani, akaagiza picha zote zilizopigwa kwenye kiti kile ziletwe. Dada akaleta zilizokuwa mezani na kwenye droo. Zikawekwa kwenye karai. "Ndizo zote?"

Fainali ilikuwa siku ya pili yake. Tabasamu aliona ukumbi, aliona jina lake mlangoni, aliona nywele zake zikiota mvi akipiga picha za vitambulisho. "Ndizo zote," akasema.

"Nakuuliza tena, mbele ya mama yako. Maana kikibaki kitu chake, hatakuwa tena wa nyumba hii. Atakuwa wa aliyekibakiza, wake peke yake, na hapo usinipigie simu."

"Nimesema ndizo zote, mzee!"

Mganga akamtazama kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti nzito. Karai likashika moto. Kiti kikatetemeka, miguu yake ikigonga sakafu upesi upesi, na mama akamshika binti yake na binti akamshika mama, na harufu ya nywele mbichi ikajaa chumbani hata ubani usisikike, na mganga akapaza sauti, "Mwambie!" na Tabasamu, meno yakimgongana, akasema, "Asante. Tumemaliza." Mto ukapanda. Matone yakapita katikati yao kuelekea mlangoni, mlango ukafunguka, na barazani kamba ya nguo ikatikisika kama aliyepita ameigusa kwa kichwa. Halafu kukawa na mchana wa kawaida, na mtoto wa jirani akipiga mluzi.

Kwenye picha ya ukutani, mama na dada walikuwa tena bega kwa bega. Usiku ule mama alilala katikati ya kitanda chake, akakoroma kwa raha, na dada akatania kwamba kwa mkoromo ule hata mgeni mwingine angekimbia. Tabasamu alicheka nao. Alijihisi mjanja. Boksi hakulifungua, lingemsaidia nini, na yeye haoni?

Kesho yake Mhakiki Mkuu alikuwa anamsubiri. Alikuwa amewaita na wenzake, wamesimama nyuma ya kiti chake, yule mzee wa ndevu akiwa mbele. "Huyu ndiye kijana niliyewaambia," akasema, akafungua boksi mwenyewe, akaondoa karatasi ya kukingia. Akatazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili. Kasi yake ikaongezeka: ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ya mwisho, halafu akarudi ya kwanza kama aliyepoteza kitu.

"Yule mama yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyo."

"Kijana, umeniletea viti." Akawageukia wenzake. "Mnaona mtu hapa?" Wakatikisa vichwa. Mzee wa ndevu akaigeuza picha moja akaangalia nyuma, akairudisha taratibu. "Kiti kimoja, mara kumi," akasema kwa masikitiko.

Tabasamu akainama juu ya meza kujitetea. Na akaona.

Alimwona mwanamke. Alikuwa ameketi, mikono magotini, nywele zimefungwa juu zikichuruzika maji, na mwanga ulikuwa umemkaa nusu ya uso sawasawa kama Tabasamu alivyouota tangu siku aliposhika kamera ya kwanza. Aliona kivuli cha pua na mahali kilipoishia. Aliona ngozi ya kope. Hapa ameegemea, hapa amesimama, na kwenye ya mwisho jicho, kubwa, jeusi, lenye maji, na ndani yake dirisha dogo la mwanga na mwanamume mdogo amebana mgongo ukutani. Hazikuwa na hofu picha zile. Watu walikuwa wamehamia. Zilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuziona za mtu yeyote, na zilikuwa zake.

"Huyu hapa!" akapiga kelele, akiweka kidole karatasini. "Mama, tazama! Tazama huo mkono! Wewe mwenyewe si uliusifu?"

Mhakiki alikitazama kidole, kisha akamtazama mwenye kidole, na huruma iliyokuwa usoni mwake ilimuuma Tabasamu kuliko tusi lolote. "Nenda ukapumzike, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa. "Aje anayefuata."

Nafasi akapewa mwingine. Tabasamu alitoka na boksi kwapani, akawapita vijana wenzake barazani bila kumjibu hata mmoja. Nje jua la jioni lilikuwa limeshuka chini ya mawingu, likaimwagia barabara yote mwanga laini ambao mpiga picha anaweza kuusubiri mwaka mzima. Ng'ambo ya barabara, kati ya watu waliokuwa wanatoka kazini, alikuwa amesimama mwanamke mwenye nywele mbichi. Watu walimpita kushoto na kulia bila kugeuza shingo.

Tabasamu alijua anachopaswa kufanya. Alipaswa kukimbia. Alipaswa kulitupa boksi kwenye mtaro na kumpigia mganga simu hata kama alikatazwa. Lakini ule mwanga, na lile shavu, na ile miaka yote! Mikono yake ikapanda yenyewe, ikainua kamera, akavuta pumzi, akapiga picha ambayo alijua kabisa hakuna binadamu mwingine atakayeiona.

Akaitazama kwenye kioo. Ilikuwa nzuri mno. Na ndani yake, mwanamke alikuwa ameshavuka barabara.